Mdogo Wangu, 42 ya Nini?

Wiki hii nilijipanga kujibu barua moja inayohusu mume anayeficha mshahara, lakini itasubiri; mume huyo hajaanza leo na hataacha kesho. Kuna barua nyingine imeingia, nimeisoma mara tatu, nikaona mwenyewe halali usingizi. Naiweka hapa kwa ruhusa yake, jina nimeliondoa.

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, nakaa Kigamboni, kazi yangu ni ya ofisini, mjini. Kama miezi miwili hivi nimekuwa nachoka na mwili unauma, nikaenda kupima kila kitu. Majibu yote mazuri isipokuwa vitamini D: 42, na pembeni wameweka herufi L. Binti mjomba wangu yuko Muscat, naye alipima, yake 19, daktari wake akamwambia ni upungufu mdogo tu. Nikafurahi, nikasema mimi nimemzidi mara mbili. Lakini kwenye kundi letu la WhatsApp kuna dada anauza virutubisho. Akaniambia vitamini D ikishuka chini ya 50 ndiyo mwanzo wa kansa ya damu, na kwamba nimeze kidonge cha 50,000 kila siku kwa miezi mitatu ili kusafisha damu. Dada, bibi yangu mzaa mama alifariki kwa kansa ya damu. Tangu siku hiyo sili vizuri, silali. Nimeze?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikupe kwanza majibu mafupi, ulale leo. Moja, 42 si kansa ya damu, wala si mwanzo wake. Mbili, hicho kidonge cha kila siku usimeze. Tatu, binti mjomba hujamzidi. Yeye ndiye aliyekuzidi kidogo. Sasa vuta kigoda tuzungumze, maana jibu fupi lisilo na maelezo halikai. Kesho atakuja mwingine kwenye kundi na namba yake, utaanza upya kutetemeka.

42 ya nini?

Wengi wenu hamjui kwamba kabla ya kukalia kiti hiki cha kujibu barua zenu nilikaa miaka kumi na moja nyuma ya dirisha la maabara, napokea vichupa vya damu, natoa karatasi. Nilikuwa naangalia macho ya watu. Mtu akipokea karatasi, jicho linarukia namba, kisha linarukia herufi ya pembeni, H ya juu au L ya chini, kisha uso unabadilika. Zile herufi ndogo zinazofuata namba hakuna anayezisoma.

Na mimi sina utakatifu hapo. Kulikuwa na wiki tuliyobadilishiwa mashine. Ya zamani ilikuwa ikitoa majibu kwa kipimo kimoja, mpya ikatoa kwa kingine, na mimi kichwa bado kiko kwenye ya zamani. Akaja mama mmoja, nikamsomea palepale dirishani: "Thelathini na mbili, mama, uko vizuri." Akashukuru, akaondoka. Nikarudi kwenye karatasi ya kumbukumbu, ndipo nikaona nilichokifanya. Nilimkimbilia mpaka kituo cha daladala na koti langu jeupe, watu wananishangaa. 32 yake ilikuwa upungufu wa kutibiwa.

Iko hivi. Vitamini D kwenye damu ina vipimo viwili. Kimoja ni nanogramu kwa mililita, kwenye karatasi utaona ng/mL. Marekani ndicho wanachotumia, na maabara nyingi duniani zimewafuata. Kingine ni nanomoli kwa lita, nmol/L, ambacho utakikuta Uingereza na kwingineko. Moja ya kwanza ni sawa na mbili na nusu ya pili. Bibi zetu wangelielewa hili bila kalamu: pishi ni vibaba vinne, na mwenye vibaba vinne hajamshinda mwenye pishi.

Nilikuomba picha ya karatasi, ukanitumia. Yako ni 42 nmol/L. Igawe kwa mbili na nusu, unapata karibu 17 kwa kile kipimo kingine. Ya binti mjomba ni 19 ng/mL. Izidishe, inakuwa 47 na nusu. Mko karibu sawa, yeye hatua moja mbele yako.

Na hiyo 50 aliyokutajia muuza virutubisho? Ipo kweli, ila ameitoa mahali pake. Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Marekani lilipitia utafiti wote uliokuwapo likasema 50 nmol/L, ambayo ndiyo 20 ng/mL, inawatosha karibu watu wote, na kwamba hatari ya upungufu hasa iko chini ya 30. Walikuwa wanapima nini? Afya ya mifupa. Saratani waliiangalia pia, wakaona ushahidi hautoshi kuiwekea namba yoyote. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa homoni cha hukohuko Marekani kikataka watu wafike 75. Mwaka 2024 chama hichohicho kikaachana na namba hiyo, kikasema pia kwamba mtu mzima mwenye afya hana haja ya kupimwa vitamini D kama desturi. Kwa hiyo uko chini kidogo ya mstari ambao wenyewe waliouchora bado wanabishania. Wa kurekebisha, ndiyo. Wa kuandikiwa wosia, hapana.

Jua lote hili, upungufu unatoka wapi?

Vitamini D nyingi mwilini hatuipati mezani, tunaipata ngozini. Miale ya jua inayoitwa UVB ikipiga ngozi, kuna mafuta ya ukoo wa kolesteroli humo ndani yanageuka kuwa vitamini D. Ini linaichakata mara ya kwanza, na hiyo ndiyo tunayoipima maabara. Figo zinaimalizia iwe homoni kamili, ile inayouamuru utumbo unyonye kalsiamu ya chakula. Ikipungua sana, mtoto anapata matege. Mtu mzima mifupa inalegea, misuli inauma, kupanda ngazi kunakuwa kazi.

Ngozi nyeusi hutengeneza polepole kuliko nyeupe, lakini hutengeneza. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha vipimo vya Wamaasai na Wahadzabe wa hapa kwetu Tanzania wanaoishi kimila, wa ng'ombe na wa porini. Wastani wao ulikuwa 115 nmol/L. Karibu mara tatu yako, na hakuna aliyewauzia kidonge.

Sasa chukua siku yako. Unatoka nyumbani giza halijaisha ili uwahi pantoni, unaingia ofisi ya vioo na kiyoyozi, chakula cha mchana kinaletwa mezani, unarudi magharibi. Jua unaliona, lakini kwa dirisha, na kioo cha dirisha huzuia karibu UVB yote. Ukiwa nje umejisitiri, na hilo ni lako na Mola wako, silitii mdomo. Binti mjomba naye huko Muscat, joto linawafungia watu ndani, gari hadi jengo, jengo hadi gari. Nchi za Ghuba zina jua la kukaanga yai, na upungufu wa vitamini D kwa wanawake wa huko ni jambo la kawaida kabisa.

Kuna na hili la jua la asubuhi, tuliloambiwa tangu kliniki. Jua la saa moja ni tamu mgongoni, lakini likiwa chini vile UVB yake ni haba sana. Kanuni rahisi ni kivuli: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haitengenezi cha maana; kikiwa kifupi, kazi inaendelea. Ndiyo maana nyumba za pwani zenye ua zilikuwa na akili. Mwanamke anaanika dagaa uani, mikono na miguu iko wazi, mtu wa nje hamwoni. Robo saa au nusu saa hivi, mara kadhaa kwa wiki, bila kujikaanga. Wenye ualbino msinisikilize hapa hata kidogo. Kwenu jua hilo ni saratani ya ngozi, na vitamini yenu itafuteni kwenye chakula na kwa daktari. Na vichanga msiwaanike juani mchana kwa kunitaja mimi. Kwa hao, sikilizeni kliniki.

Habari ya kansa imetoka wapi?

Haikutoka hewani, nisimwonee yule dada. Mwaka 1981 watafiti wa Japani walichukua chembe za saratani ya damu ya panya, wakaziweka kwenye chombo cha maabara, wakazitilia ile homoni kamili ya vitamini D. Chembe zikaacha utundu. Zikaanza kukomaa kama chembe za kawaida. Ebu fikiria furaha ya siku hiyo. Lakini kwa binadamu dozi ya kufanya kazi hiyo inapandisha kalsiamu ya damu hadi mahali pa kuua, na dawa iliyotarajiwa haikupatikana. Ajabu ni kwamba jamaa yake, dawa itokanayo na vitamini A, ilifaulu pale vitamini D iliposhindwa. Madaktari wa Shanghai waliitumia miaka ya 1980 kwa aina moja ya saratani kali ya damu, na leo aina hiyo ni miongoni mwa zinazopona zaidi. Hata hivyo hiyo ni dawa ya wodini, chini ya jicho la daktari. Hakuna aliyepona kwa kula karoti.

Kabla sijaendelea: "kansa ya damu" ni jina la ukoo, si la mtu mmoja. Kuna lukemia, inayoanzia kwenye uboho wa mifupa na kumwaga chembe mbovu damuni. Kuna limfoma, ya tezi na mitoki. Kuna mayeloma, ya chembe zinazokaa ndani ya uboho na kuila mifupa. Zina tabia tofauti na dawa tofauti. Mtu anayekuambia kitu kimoja kinazileta zote au kinazizuia zote, muulize anazungumzia ipi.

Baadaye wakaja wachunguzi wa wagonjwa. Mwaka 2010 madaktari wa Mayo Clinic na wa Iowa walipima watu waliokwisha kupata limfoma, wakakuta wale wa aina kali waliokuwa na vitamini D ndogo walipogunduliwa hawakuishi muda mrefu kama wenzao. Habari hiyo ndiyo inayozungushwa kwenye makundi, mkia umekatwa. Maana mtu mwenye limfoma amekaa ndani miezi, hali, amekonda, mwili unapigana. Vitamini D yake itakosaje kushuka? Wahenga walisema liwike lisiwike, kutakucha. Jogoo na alfajiri huja pamoja kila siku, lakini ukimchinja jogoo jua litatoka tu. Namba ndogo ya mgonjwa inaweza kuwa jogoo: inatangaza, haileti.

Njia ya kujua ni kuwapima watu wakiwa wazima na kuwasubiri. Mwaka huohuo wa 2010 watafiti waliunganisha vikundi kumi vya watu waliochukuliwa damu kabla ya kuugua, wakatazama waliokuja kupata limfoma ya jamii ile kubwa isiyo ya Hodgkin. Waliokuwa na vitamini D ndogo hawakuugua zaidi ya wenzao.

Njia bora kuliko hiyo ni kuwapa watu kidonge na kuona. Marekani walifanya hivyo, utafiti unaitwa VITAL, majibu yalitoka mwaka 2018. Watu 25,871, zaidi ya 5,000 kati yao weusi, wote wa umri wa makamo kwenda juu. Nusu walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, nusu kidonge kisicho na kitu, na hakuna aliyejua anameza kipi. Wakafuatiliwa kwa miaka mitano na kitu. Upande wa vitamini walipata saratani za kila aina watu 793. Upande wa kidonge kitupu, 824. Katika umati ule, pengo la watu 31 ni la bahati tu. Waliokufa kwa saratani walikuwa 154 kwa 187, na hapo watafiti bado wanachimba. Kama kuna faida, ni ndogo. Kama ingekuwa ngao, ingeonekana.

Na sisi tuna ushahidi wetu nyumbani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa ajabu wa taya za watoto. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake wawili walipanda gari bovubovu wakazunguka Afrika Mashariki na kusini yake, hospitali kwa hospitali, wakiuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Ramani iliyotoka ilikuwa ukanda unaokata katikati ya Afrika, maeneo ya joto na mvua, palepale penye malaria. Leo tunajua ni limfoma, na kwamba malaria inashirikiana na kirusi kinachoitwa Epstein-Barr, kilichogunduliwa mwaka 1964 kwenye uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Sasa niambie, watoto wale walikosa jua? Wanacheza tumbo wazi kutwa nzima chini ya ikweta. Jua halikuwakinga.

Shangazi na ndoo ya maji

Nilisema usimeze. Nikwambie kwa nini nakazana.

Shangazi yangu alianza kuumwa mgongo akiwa na miaka 61. Akaenda duka la dawa, wakamwambia mifupa ya utu uzima hiyo, wakampa kopo la kalsiamu iliyochanganywa na vitamini D. Akameza mwezi, akaona nafuu kidogo, akameza wa pili. Ikafika miezi minane. Akinipigia simu analalamika kiu, kwamba mtungi mzima anaumaliza peke yake, usiku haachi kwenda haja ndogo, choo kigumu, na sasa anasahau majina ya wajukuu. Na mimi, mtu wa maabara wa ukoo mzima, nikamjibu: "Endelea na vidonge, shangazi, mifupa inavihitaji." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Siku moja aliinua ndoo ya maji, ndogo tu ya lita kumi, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Hakuanguka wala kugonga popote. Hospitali walipiga picha, fuvu lina vitundu vidogo vidogo kama mbao iliyoliwa na bungua. Damu imepungua, figo zimechoka, kalsiamu iko juu kupita kiasi. Wakachoma sindano nyongani kuchukua uboho. Mayeloma.

Tazama lilivyokwenda. Ugonjwa ulikuwa unayeyusha mifupa na kuimwaga kalsiamu yake damuni, na sisi tunamwongezea kalsiamu kwa mdomo, na vitamini D ya kuinyonya vizuri. Kiu, choo kigumu, kusahau, vyote vilikuwa kalsiamu iliyozidi ikibisha hodi. Kitu cha kwanza madaktari walichofanya ni kumnyang'anya kopo. Aliishi miaka minne baada ya hapo, kwa dawa na kwa dua, na mwisho nitakwambia jambo la kukuchanganya: hali ilipotulia, daktari wake mwenyewe alimpima vitamini D akamwandikia dozi ndogo, kwa sababu dawa ya kuimarisha mifupa aliyokuwa anachomwa inaihitaji. Kidonge ni kilekile. Mara ya kwanza kilitolewa kwa kubahatisha, mara ya pili kwa kipimo.

Mayeloma hutupata zaidi sisi. Huko Marekani wanakohesabu, watu weusi huipata takriban mara mbili ya weupe. Na kuna limfoma ambazo zenyewe hutengeneza homoni ya vitamini D na kupandisha kalsiamu. Mtu wa namna hiyo ukimpa dozi kubwa "kumkinga na kansa ya damu," unamwagia mafuta ya taa kwenye moto anaotaka kuuzima.

Sasa tupige hesabu ya yule dada wa kundini. Mtu mzima wa umri wako anahitaji yuniti 600 kwa siku. Mpaka wa juu, usio na daktari, ni 4,000. Kidonge cha 50,000 kipo na madaktari hukitoa, lakini kimoja kwa wiki, kwa wiki chache zinazohesabika, kwa mwenye upungufu uliothibitishwa. Yeye anakwambia kila siku siku 90. Hizo ni yuniti 4,500,000. Ukigawa kwa 600 unapata mahitaji ya miaka 20, umeyameza kati ya Ramadhani na Iddi Kubwa. Vitamini C ikizidi unaikojoa. D inakaa kwenye mafuta ya mwili miezi, na matokeo yake ni kalsiamu juu, mawe ya figo, pengine figo zenyewe.

Basi ufanye hivi

Karatasi yako irudishe kwa daktari, pamoja na uchovu wako. Kwa umri wako, mchovu anaweza kuwa na upungufu wa wekundu wa damu kwa hedhi nzito, tezi ya shingo iliyolegea, mimba, msongo, au kulala kwa saa tano tu kwa sababu ya pantoni. Katika hayo majibu "mazuri" tafuta kile kipimo wanachokiita FBP, picha nzima ya damu. Kinahesabu chembe nyeupe, nyekundu na zile za kugandisha damu. Hakioni kila kitu, limfoma inaweza kujificha, lakini kwa habari za lukemia karatasi hiyo ina maneno mengi kuliko ya vitamini D.

Upungufu wenyewe tuutibu kwa ajili ya mifupa yako. Kula dagaa, sardini, vibua, samaki wenye mafuta; kiini cha yai; ini mara mojamoja. Uyoga uliokaushwa juani nao unatengeneza vitamini D, kama wewe. Toka nje mchana. Daktari akikuandikia kidonge, meza kwa siku alizosema, ukimaliza simama. Na usipime tena kila mwezi. Namba hiyo haipandi kwa kuchunguliwa.

La bibi lisikuue. Muulize mama, au tafuta faili lake kama lipo: ilikuwa lukemia, limfoma au mayeloma? Alikuwa na umri gani? Saratani hizi kwa wengi hazirithiwi kama rangi ya macho. Ndugu wa karibu akiipata, uwezekano wako hupanda kidogo, na wengi wenye ndugu wa namna hiyo hawaugui. Mwambie daktari wako, aandike, maisha yaendelee.

Kisha weka masikio yako panapostahili. Tezi shingoni, kwapani au kwenye kinena, isiyouma, inayokaa wiki tatu nne bila kupungua. Jasho la usiku la kubadilisha shuka. Homa zinazorudi na malaria haionekani. Kukonda bila kufunga. Fizi zinazovuja damu, damu kuvilia chini ya ngozi bila kugongwa, pua inayotoka damu mara kwa mara. Uzito upande wa kushoto chini ya mbavu, ambako bandama inavimba. Maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha kwa mtu wa makamo, hasa akiwa na kiu isiyo ya kawaida. Kwa mtoto, taya linalovimba na meno yanayolegea. Huyo apelekwe leo, si Jumatatu, kwa sababu uvimbe ule hukua kwa siku, na ukiwahiwa dawa zinauyeyusha.

Moja kati ya haya likikupata haimaanishi unayo. Mengi ni TB, ni maambukizi, ni mambo yanayopona. Lakini ukianzishiwa dawa za TB kwa sababu ya tezi, na wiki zinapita tezi haitikisiki, rudi, uombe wakate kipande wakipime. Limfoma nyingi kwetu zimepoteza miezi zikiitwa TB. Ocean Road na Muhimbili wapo, Bugando Mwanza, KCMC Moshi. Walioko Kenya wana Kenyatta na Moi ya Eldoret, na Kampala taasisi yao ya saratani iko palepale Mulago alipoanzia Burkitt.

Wewe dada unayeuza virutubisho, najua utasoma hapa, wateja wako ndio wasomaji wangu. Biashara si dhambi, na pengine mtoto wako anasoma kwa hiyo hela. Uza. Lakini mtu akikwambia anaumwa mfupa miezi, au ana tezi, usimuuzie. Mwonyeshe njia ya hospitali. Mimi sikumwonyesha shangazi yangu, na nilikuwa na koti jeupe.

Na wewe mdogo wangu wa Kigamboni, leo hii chukua kalamu, kwenye ile karatasi zungushia duara zile herufi ndogo baada ya 42. Ipige picha umtumie binti mjomba, mcheke wote wawili. Ukishaonana na daktari niandikie. Ila ukinitajia namba, nitajie na kipimo chake, nisije nikakimbilia tena kituo cha daladala; magoti yangu hayaruhusu.

Ni mimi dada yenu.